Humu Kufa ni Bure

Ukipita shule ya wavulana iliyo upande wa mto, hapa Garissa, utaona chumba kipya chenye mabati ya bluu. Juu ya mlango wameandika kwa rangi nyekundu: Chumba cha Kompyuta cha Alhaji fulani bin fulani, jina refu la msikitini. Usilihangaikie. Ni Bidaar, yaani Kipara. Kwetu mtu huitwa kwa kasoro yake, na wala hakasiriki. Chini ya jina hilo, usawa wa macho, mbao za mlango zina alama nne za gundi. Palikuwa na karatasi pale. Nitaifikia.

Mimi sikusoma sana. Niliishia kidato cha pili. Lakini jina la mlangoni naweza kulisoma, na siku nilipolisoma lile nilisimama juani mpaka askari wa lango akaniuliza, "Adeer, umepotea?"

Nikamwambia, "Sikupotea mimi. Limepotea jina."

Maana chumba kile kina mwenyewe. Mtu wa kwanza kuwasha kompyuta katika shule ile, miaka ya tisini, wakati hata ofisi ya serikali ilikuwa bado inagonga taipureta, alikuwa mwalimu wetu wa bayolojia. Na aliyemfukuza kwa sababu ya kompyuta hiyo hiyo ni Bidaar. Aliyemsaidia kumfukuza ni mwalimu mkuu, tuliyemwita Bakora. Nawataja mapema, msomaji asije akadhani nitawasahau njiani. Kwa kazi ya hao wawili kaka yangu Noor yuko kaburini, na mimi jicho langu la kushoto halioni ila ukungu.

Basi nimseme Mwalimu. Alizaliwa wapi, baba yake nani, sijui na sikuuliza. Alikuja na basi kutoka Kenya, maana wazee wetu ukishavuka daraja la Tana walisema umeingia Kenya. Walimu wa Kenya walikuja hivyo hivyo, na wengi walirudi na basi lile lile kabla vumbi halijawaingia masikioni. Huyu alibaki. Alikuwa mwembamba, shingo ndefu, na alitembea kama mtu anayepita pekupeku juu ya miiba ingawa alivaa viatu. Chai aliinywa kavu. Katika mji ambao maziwa ya ngamia yanauzwa kila pembe, yeye alikunywa chai nyeusi kama wino. Tulipomcheka alisema, "Tumbo langu halikusoma Garissa."

Ngamia wenyewe aliwaogopa. Asubuhi alitufundisha figo za ngamia, jinsi zinavyobana maji, akazichora ubaoni vizuri mpaka unatamani kuzigusa. Adhuhuri akikutana na ngamia njiani alivuka upande wa pili. Siku moja mtu wa darasa letu akamuuliza, "Mwalimu, wewe unamjua ngamia mpaka figo, mbona unamkimbia?"

"Figo haziumi mtu," akasema. "Meno ndiyo."

Alikuwa mkali kwa vitu vidogo. Ukivunja chaki alifoka kama umemvunjia mfupa. Ukija na kucha chafu alikurudisha bombani. Lakini kwa mambo makubwa, yale ambayo mtu mwingine angerusha kiti, yeye alikuwa kama maji ya mtungi, yanakaa tu. Bakora alimtukana mbele yetu zaidi ya mara moja, na yeye akajibu, "Sawa, Mwalimu Mkuu," akarudi darasani, akafoka kwa ajili ya kipande cha chaki. Hili lilituudhi. Mtu anayejua kufoka, kwa nini hafoki panapostahili? Mimi limeniudhi miaka yote hii.

Kompyuta tuliiokota, nikisema kweli. Watu wa misaada walifunga ofisi yao wakaondoka, wakaacha viti, makabati na sanduku moja lenye kioo. Viti na makabati yalipata wenyewe siku hiyo hiyo. Lile sanduku halikutakiwa na mtu. Bakora alidhani ni televisheni iliyokufa. Mwalimu akalibeba kifuani kama mtoto mchanga mpaka chumba cha maabara, ambacho wakati huo kilikuwa na chura mmoja ndani ya chupa na chati ya jicho. Akalifunika kwa shuka lake la kulalia, lile la mistari. Sisi tulimuuliza, "Na wewe sasa unalalia nini, Mwalimu?"

"Mimi vumbi haliniui," akasema.

Stima ya mji ilikuja na kuondoka, na ilipokuja alitukimbiza maabara hata kama ni kipindi cha mtu mwingine. Akafunua shuka. Kioo kilikuwa cheusi na maandishi ya kijani. Mchezo aliuandika mwenyewe, mstari kwa mstari, akauita Zizi. Nukta ni nyasi. Herufi m ni mbuzi. Herufi f ni fisi. Na mchungaji, yaani wewe unayecheza, alikuwa alama ya kujumlisha. Siku ya kwanza tu tukagoma. "Mwalimu, sisi hatuwezi kuwa msalaba." Akacheka mpaka akashika meza, na kipindi kilichofuata mchungaji alikuwa nyota.

Sasa mtoto wa mfugaji ukimpa fisi na ukampa uwezo wa kumuua, atafanya nini? Sisi sote, bila kuambizana, tuliua fisi wote kwanza. Tulipiga vitufe tukipiga na makelele. Mwalimu hakutukataza. "Ueni tu," akasema, "muwamalize." Tukawamaliza. Mbuzi wakaongezeka, m, m, m, kioo kikajaa, tukajiona matajiri wa Wajir nzima. Halafu nukta zikaanza kupungua. Tukahamisha mbuzi upande huu, tukahamisha upande ule, nukta hakuna. Mbuzi wakafutika mmoja mmoja, na chini yakatokea maneno: UMEKUFA. ANZA TENA.

Kisha mtu akasema, "Huu mchezo una mkono wa fisi ndani." Tangu hapo tukampa Mwalimu jina la Waraabe, yaani Fisi, na yeye akalipokea kama cheo.

Tulikuwa tunaogopa kukosea, kwa sababu kukosea kwa walimu wengine kulikuwa na fimbo yake. Kwa huyu, mbele ya kile kioo, fimbo haikuwepo. Alisimama nyuma yetu na neno lake moja, ambalo nimelisikia mara nyingi kuliko jina langu: "Kufeni, wanangu. Kufeni sana. Humu kufa ni bure." Alisema nje ya kioo kufa kuna gharama, kwa hiyo tumalize ujinga wetu wote mle ndani ndipo tutoke.

Na ujinga mmoja ulikuwa wetu hasa. Sidhani kama watoto wa mahali pengine wangeufanya. Alituwekea mbuzi mgonjwa: ile herufi m ikaanza kumweka, inazima inawaka, maana yake anakaribia kufa. Vitufe vilikuwa viwili, K ni kisu, A ni acha. Darasa zima tukapiga kelele, "Kisu! Kisu! Kabla hajafa!" Aliyeshika vitufe akapiga K mpaka meza ikatikisika. Mnyama akifa mwenyewe ni kibudu, haliwi, ni hasara. Akiwahiwa na kisu, jina la Mungu likatajwa, ni halali, ni kitoweo. Mtoto wa kwetu hajui kusoma lakini hilo analijua. Nimeona wazee wanaotembea kwa mkongojo wakikimbia kama vijana kumuwahi mbuzi anayekata roho.

Basi tukamuwahi yule wa kwenye kioo. Tukapata nyama, tukapongezana. Baada ya muda nyota ikaanza kumweka. Mchungaji. Ikamweka, ikamweka, ikafutika. UMEKUFA. ANZA TENA.

"Mwalimu, umetuonea," tukasema. "Tumechinja kwa halali."

"Sikusema si halali. Mimi sheria ya kula siijui, muulizeni sheikh. Mimi najua damu. Mbuzi mwenye kimeta ukimpasua, kilichokuwa ndani kinatoka nje, kinaingia kwenye mkwaruzo wa kidole chako. Na si kimeta peke yake. Mnyama akifa bila sababu mnayoijua, msimpasue. Mchomeni au mzikeni, kina kirefu."

"Na hasara?"

"Hasara ni ya mbuzi mmoja. Anza tena uone."

Tukaanza tena. Tulikufa wiki nzima kabla ya mkono kujifunza kuiacha K. Na kweli mmoja wetu alimuuliza sheikh, na sheikh, Mungu amrehemu, alisema maneno ambayo ningetaka yaandikwe juu ya mlango ule badala ya jina: "Kisu kinahalalisha nyama. Hakikulazimishi kula."

Sasa mfahamu kwa nini Bidaar alikasirika. Bidaar alikuwa mwenyekiti wa kamati ya shule, na alikuwa na bucha. Bucha yake iliendeshwa na wanyama wa namna hiyo hiyo, wanaomweka. Mtu akiona mbuzi wake anayumba alimpeleka kwa Bidaar haraka, akapewa kidogo, na nyama ikaenda kwa madereva wa malori na mahoteli ya wageni. Watoto wakaanza kurudi nyumbani na kuwaambia baba zao, "Aabo, huyo usimpeleke, mzike." Baba wengine wakasikia. Ndipo Bidaar akapata uchungu wa dini.

Alikuja shuleni na kamati yake mchana, wakatutoa sisi nje, lakini madirisha ya maabara hayakuwa na vioo. Tulisikia yote.

"Mwalimu, kombyuta hii ni kamari," Bidaar akasema. "Watoto wanapiga kelele, wanashinda, wanashindwa. Hiyo ni nini kama si kamari?"

"Hakuna anayeweka kitu, Mzee. Hawapotezi chochote."

"Wanapoteza adabu! Mtoto wangu ameniambia mimi, baba yake, nisichinje. Wewe mtu wa Kenya utatufundisha sisi mbuzi?"

Mwalimu akasema, "Keti hapa, Mzee, ucheze mara moja. Ukiona ni kamari nitaizima mwenyewe."

Bidaar akaketi. Wallahi aliketi. Tulisikia vitufe. Tukasikia kimoja kikipigwa kwa nguvu, tukajua ni K, kisha kiti kikasukumwa nyuma. Alikuwa amekufa kwa mbuzi wa kwanza. Akatoka amevimba shingo. Nadhani lile ndilo kosa ambalo hakumsamehe.

Bakora hakuhitaji kuitwa mara mbili. Alikuwa ameshajua kwamba lile sanduku si televisheni iliyokufa. Barua ya uhamisho ikaja, Mwalimu aende Lafey, kule mpakani, ambako wakati ule mwalimu alipelekwa akiadhibiwa. Kompyuta "ikahifadhiwa" nyumbani kwa Bakora, na baada ya muda mkewe akafungua duka la kuchapisha barua na kadi za harusi sokoni. Kila mtu aliona. Kila mtu alikwenda pale kuchapisha kadi.

Sisi tulingoja Mwalimu afoke. Alikunja shuka lake la mistari, akalitia kwenye begi, akasema, "Sawa, Mwalimu Mkuu." Akapanda lori. Nilimchukia siku ile karibu sawa na wale wawili.

Mwaka uliofuata niliacha shule, nikarudi kwa Noor malishoni. Nyumbani kwetu ilikuwa hivyo: mmoja asome, mmoja achunge. Noor ndiye alichunga ili mimi nisome, na hakuwahi kuona kile kioo hata siku moja.

Halafu zikaja zile mvua za El Niño. Anayezikumbuka anazikumbuka. Tana ilivunja kingo, barabara ya Nairobi ikakatika, sisi tukabaki na mifugo juu ya kilima kidogo kama kisiwa. Mbu walikuwa wengi mpaka mbuzi wanapiga chafya mbu. Kondoo wakaanza kuharibu mimba, wakaanguka, pua zinatoka damu. Mji ulikuwa na njaa, na Bidaar, mwenye mtumbwi pekee upande wetu, akatuma neno kwenye makambi yote: chochote kinachopumua chinjeni, mtu wangu atakuja kuchukua nyama.

Noor akanoa kisu, akamshika kondoo aliyeanguka.

Nikamwambia, "Walaal, usimguse. Huyu anamweka."

"Anafanya nini?"

"Ana ugonjwa wa damu. Ukimpasua utaupata wewe. Tulifundishwa."

"Na nani? Na yule Waraabe?" Akacheka, hakuwa na ubaya, Noor alikuwa mtu wa kucheka. "Yule mcheza kamari aliyefukuzwa? Waryaa, wewe umesomea mbuzi wa herufi. Mimi nimelelewa na mbuzi wa nywele."

Nilimshika mkono, akanisukuma. Nikamtajia maneno ya sheikh. Akasema kama maneno ya Mwalimu yangekuwa kweli, kamati isingemfukuza. Mnaona walivyofanya? Hawakuchukua sanduku peke yake. Walichukua na ushahidi. Elimu ikishaitwa kamari mbele ya mji mzima, kijana wa kidato cha pili hawezi kuitumia kumzuia kaka yake.

Alichinja kondoo wale, alfajiri mpaka adhuhuri, mikono mpaka kwenye viwiko. Siku chache baadaye akashikwa na homa. Kisha akatoka damu puani, kwenye fizi, kila mahali. Nilimpangusa kwa mikono hii. Alinitazama mara moja akasema, "Sasa namweka mimi?" Hakucheka. Tulimzika pale pale kilimani kwa kuwa kwingine kote kulikuwa maji.

Mimi homa ilinipata pia, ikaniacha na jicho moja. Wengi hawakuachwa na kitu. Bidaar hakuugua. Yeye alikuwa hashiki kisu, alikuwa anatuma mtu.

Miaka ikapita, na sikumwona Mwalimu tena. Nilisikia Lafey, nikasikia Kutulo, kisha sikusikia. Mpaka mwaka huu, baada ya lile jina la mlangoni, nilipokwenda Kotile kumsalimu dada yangu. Kando ya birika la kunyweshea nikawakuta watoto wameinama mchangani. Nilidhani wanacheza shax, kama tulivyocheza sote, mistari mchangani na vipande. Lakini vipande vilikuwa kinyesi cha mbuzi, vingi, na kokoto tatu nyeusi, na ganda moja jeupe. Mmoja akageuza kinyesi kimoja, kikawa na doa la chokaa chini. Mkono wa mwenzake ukaenda kukichukua, wakamzomea wote, "Acha! Acha! Huyo ni wa shimo!"

Nikachuchumaa kati yao. "Nani amewafundisha huu?"

"Macallinka," wakasema, yaani mwalimu, na kunielekeza kwa vidole.

Alikuwa kwenye chumba cha kupanga nyuma ya duka, amezeeka, shingo imekuwa ndefu zaidi. Sikio moja halisikii. Nikamwambia jina langu, halikumsaidia. Nikamwambia, "Mimi ni katika wale waliokataa kuwa msalaba." Akacheka mpaka akashika ukuta, na akaagiza chai mbili. Yake ilikuja kavu.

Nikamweleza habari za Noor. Alisikiliza kwa sikio zima. Kisha akauliza, "Alikuwa kidato gani?"

"Hakusoma. Mimi nilisoma, yeye alichunga."

"Kosa langu nililigundua Lafey," akasema. "Niliwafundisha watoto walioondolewa kwenye mbuzi. Kisu kilikuwa mkononi mwa waliobaki. Ndiyo sababu nikahamia visimani. Mchanga hauhitaji stima." Akatazama jicho langu. "Nilichelewa."

Hapo hasira yangu yote ikanitoka mdomoni. Nikamwambia kuhusu chumba cha mabati ya bluu, jina la Bidaar kwa rangi nyekundu, Bakora amekaa kiti cha mbele siku ya kufungua. Nikamwambia, "Na wewe utasema sawa, Mwalimu Mkuu!"

Akapuliza chai yake. "Jina ni rangi, mwanangu. Mwache alale nalo. Kompyuta zenyewe zinafanya kazi?"

"Zinafanya."

"Watoto wanacheza nini?"

"Hawachezi. Kuna karatasi imebandikwa mlangoni: Michezo ni marufuku."

"Rudia," akasema, akageuza lile sikio zuri.

Nikarudia.

Aliweka kikombe chini. Mishipa ya shingo ikasimama, na nikaona jambo nililolingoja tangu nikiwa mtoto nje ya dirisha la maabara. Alifoka. Alifoka mpaka mwenye duka akaja kuchungulia. "Marufuku? Kwa hiyo wakafie wapi? Wakafie wapi, hao watoto? Nje?" Akapiga meza, chai ikamwagika. "Basi la Garissa linaondoka saa ngapi?"

"Alfajiri, Mwalimu. Lakini safari ni mbaya, na wewe..."

Hakunisikia, au alinipa sikio bovu kusudi. Alikuwa ameshageukia kitanda, analivuta shuka lake, analikunja mara mbili, mara nne.

"Hilo la nini?" nikamuuliza.

"La kufunikia," akasema. "Vumbi la Garissa nalijua mimi."